Mzunguko wa Tatu

"Simamisha! Simamisha bwana, nimechelewa tena!"

Chiriku akavua hedifoni akazitupa kwenye meza ya studio. Mara ya ngapi sijui asubuhi hiyo. Makubwa haya! Mwanamke aliyeanza kuimba pekupeku kwenye harusi za majirani, mpaka leo picha yake imebandikwa bandarini kukaribisha wageni kisiwani, anashindwa kuingia kwenye wimbo wake mwenyewe. Wimbo ambao hata watoto wa chekechea wanaujua!

Mpigaji mpya wa akodiani, mtu mstaarabu mwenye miwani, akakohoa.

"Samahani mama. Utangulizi nimeupiga mizunguko miwili, kama ulivyotungwa."

"Hujakosea, baba. Mwenye kosa ni mimi."

Na kosa lenyewe halikuwa la kuchelewa. Mpole, mgane asiye na makuu, ndiye aliyempigia akodiani tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na siku zote utangulizi wa wimbo huu aliuzungusha mara tatu. Wiki iliyopita Chiriku akamfokea mbele ya bendi nzima: "Uzee wote huu hujajua kuhesabu tu?" Mzee wa watu alifunga akodiani kwenye sanduku, akaaga kwa kichwa. Leo anapanda meli kwenda kuishi kwa mwanawe ng'ambo, moja kwa moja.

Binti wa kaka yake Chiriku, anayemsimamia shughuli zake, akamsogezea simu.

"Shangazi, hebu tazama hizi video. Hii shoo ya uwanjani. Hii harusi ya mwalimu mkuu. Hii ya juzijuzi."

"Naona ninavyonenepa tu. Ndicho ulichoniitia?"

"Usijitazame wewe! Mtazame Mpole. Mzunguko wa kwanza, macho kwenye vidole. Wa pili, kwenye vidole. Haya, wa tatu?"

Chiriku akasogeza uso. Katika kila video, mzunguko wa tatu ulipoanza, Mpole aliinua kichwa akamwangalia yeye, huku anatabasamu. Sauti ya Chiriku ilipoingia tu, akainama tena mpaka mwisho wa wimbo.

"Kuhesabu anajua, shangazi."

Akakalia spika. Tangu awe mjane hakuwahi kusikia moyo unamwenda mbio namna ile. Alikuwa anampenda mtu yule, tena siku nyingi, basi tu alikuwa akiyaita mazoea.

Akaandika: "Uko wapi?"

Jibu likaja: "Foleni ya kupanda meli. Wasalimie bendi."

Akapiga hapohapo.

"Mpole, usikate. Ule mzunguko wa tatu ulikuwa wa nini?"

"Yaliyopita yamepita, Chiriku."

"Nimekuuliza swali!"

Kwenye simu abiria wanasikika wakisukumana, mtu anagombania mkoba.

"Ukishaanza kuimba, unakuwa wa kisiwa kizima," Mpole akasema taratibu. "Na mimi nina kazi, lazima niangalie vidole. Sasa nikajiibia kidogo, kabla hujaanza."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukusema?"

"Chaji inaisha."

"Mwongo! Hiyo simu yako ya vitufe inakaa na chaji wiki nzima! Sikiliza. Nilikukosea mbele ya watu na nakuomba radhi mbele ya watu, hapa wote wananisikia. Sasa rudi, au nakuja huko kuimba mpaka nahodha akushushe mwenyewe!"

"Usije! Watu watakuzonga, meli itashindwa kuondoka."

"Basi njoo wewe."

"Na mizigo?"

"Njoo nayo, ebo!"

Akaja, jasho linamtiririka, begi mkono huu, sanduku la akodiani mkono ule. Mwenye miwani akampisha kiti, na asiondoke, akataka kuona mwisho wake. Fundi mitambo akawasha mashine.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulipoanza Mpole akainua kichwa, safari hii akamkuta Chiriku naye amemkazia macho. Chiriku hakuimba. Ikabidi Mpole azungushe wa nne. Wa tano.

"Ingia basi," Mpole akanong'ona, vidole vinaendelea.

"Siingii. Utaniangalia kwa wizi mpaka lini?"

"Chiriku, tunarekodi!"

"Warekodi! Unanioa au hunioi?"

"Nakuoa! Sasa imba, mkono umekufa ganzi!"

Binti wa kaka akapiga kigelegele, na Chiriku akaingia kwenye wimbo kwa sauti ambayo fundi mitambo anaapa hajawahi kuisikia tena. Hawakukata kitu. Wimbo ulitoka na maneno yao yote, kigelegele kikiwemo, na kisiwa kizima kikawa kinajibu "Nakuoa!" pamoja na redio.

Siku ya ndoa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mfungishaji ndoa akamgeukia bibi harusi.

"Umeridhia kuolewa na bwana huyu?"

Kimya. Watu wakaanza kutazamana. Mpole, kola imembana, ameinua kichwa, hapepesi macho.

"Bibi harusi? Tunasubiri jibu lako."

"Subirini kidogo," Chiriku akasema. "Bado ananiangalia."