Unywele wa Rangi Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya binti ilikuwa kufua taulo na foronya za nyumba nzima. Jumamosi hiyo akakuta doa jeusi kwenye taulo, la tatu mwezi huo. Akamfikiria mtu mmoja tu: mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Si jana alikuwa akipaka rangi viatu vya shule?

"Mama, Chapuchapu amefuta viatu kwa taulo tena."

"Si mimi, dada. Nilitumia gazeti."

"Gazeti gani hilo lisiloonekana?"

Mama akakata shauri: leo hakuna mechi. Chapuchapu, winga wa timu ya darasa lake, akaketi kizingitini na jezi yake mwilini, machozi yakimlenga. Mechi ilikuwa saa kumi.

Mchana baba, fundi magari, alirudi kula. Alipopewa habari ya taulo, aliacha kutafuna. Akakohoa. "Watoto bwana," alisema, macho yakibaki kwenye sahani.

Moyo wa binti haukutulia. Baba mpenda utani, leo hana hata neno la kumchokoza mtu? Na kofia hiyo, mbona haivui hata mezani?

Akanyata hadi bafuni. Kwenye kitana cha baba palikuwa na unywele mmoja, akauinua dirishani. Ncha nyeusi tii, shina jeupe pe. Chapuchapu alikuwa amenyolewa kipara.

Akarudi, akauweka kando ya sahani. "Baba, huu ni wa nani?"

Baba akavua kofia polepole. Juu ya masikio, weupe ulichungulia chini ya weusi.

"Ni wangu. Vijana wa gereji wananiita babu, nikaanza kupaka rangi."

"Kumbe ndiyo siri ya kofia," mama akasema, akicheka kidogo. "Mume wangu, umri ukisonga, shina huishiwa rangi, unywele ukaota mweupe. Hata kuota kwenyewe hupungua kasi. Utashindana nao mpaka lini?"

Baba akamgeukia Chapuchapu. "Mvi hazijanitia aibu kama ukimya wangu leo, wewe ukibeba kosa langu. Nisamehe, baba." Kisha akamtazama binti. "Nawe mama, ushahidi kwanza, jina la mtu baadaye."

"Nisamehe, mdogo wangu," binti akasema.

Chapuchapu alikuwa tayari akifunga kamba za viatu. "Nimewasamehe wote. Ila taulo atafua baba."

Baba akainuka kutafuta sabuni.