Kidirisha Chekundu Kisicho na Namba

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Kimbelembele aliongozana na mama yake hadi studio. Alifagia, akapangusa vumbi kwenye benchi la wateja, kisha akafungua pazia. Jina hilo la Kimbelembele alipewa na mama yake, kwa sababu alipenda kujibu kabla hajaulizwa.

Mama alikuwa mpiga picha. Siku hizi mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho kama ukungu, na zamu yake ya upasuaji ilikuwa bado mbali. Kamera yake kubwa ya zamani ilikuwa na kidirisha chekundu mgongoni. Filamu ikizungushwa, namba ya picha hujitokeza hapo. Mama hakuweza tena kuisoma, ndiyo maana akamfundisha binti yake kupakia filamu.

"Ncha ya karatasi ya filamu iingie kwenye ufa wa kijiti kitupu," alimwambia. "Zungusha taratibu mpaka mshale wa kwenye karatasi ukutane na nukta ya kamera. Ndipo ufunge kifuniko. Umesikia?"

"Hata nikiwa usingizini naweza, mama."

"Haya, bingwa wa usingizini. Tutaona."

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wakaingia watoto watatu na mjomba wao, viatu vikichuruzika maji. Mama yao alikuwa amefariki mwezi uliopita.

"Tusaidie upesi, dada," mjomba alisema. "Tunakwenda kupanda basi. Mkubwa nakaa naye mimi, wa kati anakwenda kwa shangazi yake, huyu mdogo kwa bibi. Tunataka picha wakiwa pamoja, kila mmoja awe na yake. Mtatutumia zikiwa tayari."

Mdogo aliposikia hivyo, alimkumbatia kaka yake kiunoni. Kimbelembele alipakia filamu huku akiwatazama. Akafunga kifuniko bila kuutafuta mshale.

"Msiwe na wasiwasi," mama aliwaambia wageni. "Huyu binti yangu hakosei. Namba?"

Kimbelembele alizungusha. Kizungushio kilikwenda kirahisi mno, kama hakijashika kitu. Akazungusha tena na tena. Kidirisha kilibaki chekundu kitupu.

"Moja," akasema.

Taa ikamulika. "Namba?"

"Mbili."

Wageni walipoondoka, mama aliipangusa lenzi kwa kitambaa. "Mbona kimya? Wewe, kunyamaza? Unaumwa?"

"Mama… namba sikuiona. Filamu haikushika."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mama aliketi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Wale watoto leo hii wanatawanyika," alisema polepole. "Unangoja nini? Kimbia!"

Kimbelembele alikimbia kwenye mvua, kandambili moja ikibaki matopeni. Kituoni basi lilikuwa linanguruma, na mjomba alikuwa akipakia begi.

"Picha hazipo!" alisema akihema. "Nilipakia vibaya, halafu nikadanganya."

"Unatuchezea, wewe mtoto? Basi linaondoka!"

"Mjomba," kaka mkubwa alisema, "tupande la jioni. Tafadhali."

Mjomba aliwatazama wote watatu. Akalishusha begi.

Studioni, Kimbelembele alianza upya. Mama aliweka kidole juu ya karatasi, akahisi inavyokaza.

"Mshale umefika?"

"Bado… Sasa umefika." Akafunga, akazungusha.

"Namba?"

"Bado, mama. Bado kidogo. Moja. Naiona."

Nywele za watoto zilikuwa zimelowa, na wa kati alikuwa akilia kimyakimya.

"Sitawaambia mcheke," mama alisema. "Sogeleaneni tu."

Jioni, basi likishaondoka nao, mama alimvuta binti yake karibu, akamkausha kichwa kwa khanga.

"Kupakia vibaya, hata mimi nimewahi. Hilo halikunikasirisha. Lakini uliposema 'moja' na huoni kitu, mimi nilibaki gizani, na wale watoto wangebaki bila picha. Mtu anayekutegemea anakwenda kwa neno lako. Usipoona, sema huoni. Utatahayari kidogo, basi. Ukinyamaza, mwingine ndiye anayeumia. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mama."

Picha ziliposafishwa na kukauka, mama aliuliza, "Zimetoka?"

Kimbelembele alitamani kumfurahisha. Akaisogeza ya kwanza dirishani, akaitazama vizuri.

"Hii mdogo amefumba macho, mama. Haifai." Akachukua ya pili. "Hii wote watatu wanatazama. Wameshikana mikono."

"Basi hiyo ndiyo tutakayowapelekea," mama alisema.