Nilimwambia Mama Mtandao Umekataa

Nina miaka arobaini na tatu, ni seremala hapa Bagamoyo. Mama yangu hayupo tena... lakini uongo niliomwambia bado unatembea mtaani.

Mama alitamani kitu kimoja tu, kwenda kuhiji. Waliahidiana kwenda pamoja na Bi Zuhura, jirani yetu, shoga yake tangu madrasa. Ilibaki pasipoti.

Mjukuu wa Bi Zuhura akamjazia bibi yake fomu mtandaoni, palepale barazani, kwa simu. Akataka amjazie na Mama. Nikaja juu! Nikasema mambo ya serikali hayaendi kwa kubonyezabonyeza, ni kujuana tu. Mjuaji mimi! Nikachukua kitambulisho cha Mama na cheti chake cha kuzaliwa, nikampelekea jamaa mmoja Dar aliyejidai ana watu wake ofisini.

Kesho, kesho kutwa... mara simu yake haipatikani. Na vyeti vya Mama vikapotelea hukohuko.

Pasipoti ya Bi Zuhura ikatoka. Orodha ya mahujaji ikafungwa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, na yangu?"

Ningesema ukweli ningekufa? Nikamjibu yule jamaa wa Dar amehangaika sana, ila mtandao umekataa, umeila fomu yake.

Hakunilaumu. Alisema, "Inshallah mwakani," akamsindikiza shoga yake mpaka garini. Kila aliyekuja kumpa pole alimsimulia habari ya huo mtandao. Hata mwezi haukuisha, kiharusi kikamchukua.

Bi Zuhura alirudi na maji ya Zamzam ya Mama, akanikabidhi mimi. Akaniambia kule Makka aliniombea dua, kwa jinsi nilivyohangaikia pasipoti ya mama yangu. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Juzi nimekwenda kumwamkia mama mdogo, mdogo wake Mama. Naye anataka kuhiji. Nikamwambia fomu tunajaza sasa hivi, nikatoa simu.

"Mtandao?" akasema. "Huohuo uliomnyima dada yangu Makka? Sitaki! Nitafutie yule mtu wako wa Dar."

Nikarudisha simu mfukoni, nikaaga... Ndiyo, nikaondoka na uongo wangu tena!

Ndugu zangu, ukikosea mwambie mzazi wako angali hai. Usiusingizie mtandao, maana wapo wanaokusikiliza na kukuamini. Mimi nawaandikia nyinyi kwanza, nipate moyo. Leo baada ya Alasiri narudi kwa mama mdogo. Nitamwambia mtandao haukukataa kitu. Fomu ya Mama haikujazwa kamwe... niliizuia mimi, mwanawe.