Maiti Anayeota Moto

"Filta imeziba Kawangware," sauti ilisema kwenye simu. "Gari jeusi. Osha kabla jua halijatua."

Simu ikakatika.

Phanice Khavere alikuwa juu ya ngazi nyuma ya duka la dawa pale Riruta, brashi mkononi, akisugua vumbi kwenye AC ya ukutani. Hakushtuka. Alimalizia kona iliyobaki, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu. Mwanamke aliyewahi kuzima kifaru cha vita ng'ambo kwa waya wa kuanikia nguo hawezi kuacha kazi ya mteja nusu.

Kwa majirani alikuwa fundi wa AC. Kwa wakubwa wachache sana serikalini alikuwa Nyigu.

Mkoba wake ulikuwa na geji za kupimia gesi, ambazo pia zilikuwa redio. Ulikuwa na bisibisi iliyopiga picha, na pampu ya kunyunyizia sabuni ya mashine, ambayo ilikuwa pampu ya kunyunyizia sabuni tu. Bunduki hakubeba. Alisema zinaharibu mkao wa ovaroli.

Aliwasha Probox yake na kuondoka.

Gari jeusi lilikuwa Hiace ya kubeba maiti, limeegeshwa ndani ya ua wa mabati huko Kawangware. Mwenye gari, Shivachi, alikuwa jitu la mabega mapana lililosafirisha marehemu kwenda magharibi mwa nchi miaka na miaka. Alimtazama Phanice kuanzia buti hadi kilemba.

"Niliita fundi. Wameniletea mwanamke?"

"Mashine haijauliza. Wewe ndio wa kwanza."

Shivachi akacheka kidogo. "Haya basi. Ni sevisi ya kawaida tu. Toa vumbi, zibua mrija wa maji, uende."

Kando yao, kwenye kiti cha kukunja, aliketi mzungu mwembamba mwenye kofia ya majani. Jina lake lilikuwa Krall. Kiswahili alikisoma darasani, na alikipiga pasi kila alipokitoa.

"Karibu, fundi mpendwa. Fanya kazi kwa uangalifu mkubwa."

Koti lake lilikuwa limevimba upande wa kushoto. Bastola, Glock. Phanice aliijua kwa umbo, kama mama mboga anavyojua viazi vilivyooza bila kufungua gunia.

Alipanda juu ya Hiace na kufungua mashine ya baridi. Vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi. Akanyunyiza sabuni. Povu likafura, likageuka jeusi, maji machafu yakachuruzika. Kisha akagusa bomba lililopaswa kuwa baridi.

Lilimchoma.

"Bosi, hii mashine imegeuzwa. Inatoa joto. Marehemu anaota moto huku ndani?"

Shivachi akatazama viatu vyake.

"Nakuomba usiguse kirekebisha joto," Krall alisema polepole, akipapasa ufunguo uliomning'inia shingoni. "Wewe osha."

Phanice akashuka kuosha filta ya ndani. Jeneza lilikuwa tayari limepakiwa. Chini yake, sakafu ya gari ilikuwa imeinuliwa, na pembeni ilikuwa na matundu madogo ya hewa. Alipenyeza bisibisi. Picha ikaja kwenye simu yake, Nokia ndogo ya vibonye.

Vichupa vya kioo, safu kwa safu. Ndani ya kila kimoja, pamba yenye unyevu na mdudu mmoja mkubwa mwekundu.

Malkia wa chungu, jamii ya sisimizi. Wale wanaovuna mbegu za nyasi kule savana. Ng'ambo kuna matajiri wanaowafuga kwenye vioo kama wengine wanavyofuga samaki. Ukiiba malkia, umeiba kijiji chake chote ambacho hakijazaliwa. Na baridi huwaua. Ndiyo maana joto.

"Fundi."

Phanice akageuka. Mama wa makamo alisimama mlangoni na shati jeupe lililopigwa pasi, amelishika kama mtoto mchanga.

"Mimi ni Mama Tonny. Huyo ni kijana wangu. Hiyo baridi iko sawa? Nimesema nyumbani tumfungue uso. Dada zake hawajamwona tangu aje Nairobi."

Krall alikuwa ameinuka kitini. Mkono wake uliingia ndani ya koti.

"Tunaosha, mama," Phanice alisema.

Akarudisha filta mahali pake.

Alizunguka nyuma ya ukuta, akafungua geji. Upande wa pili alikuwa Boaz, mkubwa wake.

"Nyigu hapa."

"Ongea."

"Ni malkia. Wako chini ya jeneza. Wamewasha joto."

"Safi. Waache wafike Busia. Mnunuzi anangoja mpakani, tuwanase wote."

"Kwa joto hili marehemu hafiki Busia akiwa na uso."

Redio ilikwaruza.

"Huyo si kazi yetu, Nyigu. Na polisi usiite. Mara ya mwisho walipogusa jeneza, waombolezaji waliwafukuza kwa mawe hadi kituoni."

"Siiti polisi."

"Sasa unafanya nini?"

"Sevisi."

Akazima.

Kutoka kwenye mkoba alichukua kidude kidogo kuliko kiberiti. Akajilaza chini ya Hiace kana kwamba anazibua mrija, akakifunga kwenye waya wa pampu ya mafuta. Kibonye kimoja cha Nokia, mafuta yanakatika. Kingine, yanarudi.

Kisha akamwambia Shivachi kwamba mashine iliyooshwa lazima isikilizwe mpaka ikauke.

"Ingia basi," Shivachi alisema. "Lakini tukitoka Kianda unashuka."

Kianda, mtaani alikoishi Tonny, walikuta kwaya, viti vya kukodi na umati. Majirani walimuaga Tonny kwa nyimbo. Mama yake aliketi kando ya gari, shati bado mkononi. Kila baada ya muda Krall alipeleka kiganja kwenye tundu la hewa kuhakikisha bado ni moto, huku watu wakidhani anaomba.

Ukafika wakati wa kuondoka. Shivachi akawasha.

Phanice, kando ya gari, akabonyeza kibonye mfukoni.

Injini ikakohoa, ikafa.

Shivachi akawasha tena. Phanice akarudisha mafuta, akaiacha iende kidogo, hadi matairi yakavuka mtaro. Akabonyeza.

Kimya.

Nyimbo zikakatika. Mtu wa magharibi mwa nchi haelezwi maana ya jambo hilo. Marehemu asiporidhika, gari halisongi. Kwanza lazima aulizwe.

"Amekataa," mwanamke mmoja alinong'ona.

Nicanor, mjomba wa marehemu, akasogea na kuweka mkono juu ya boneti. "Tonny, omera, ndugu yangu, ni sisi. Kama kuna mtu amekukosea, tuonyeshe. Usitufiche."

Kwenye usukani, jasho lilikuwa linamtiririka Shivachi. Hapo ndipo hesabu ya Phanice ilipokuwa. Krall hakuamini kitu. Lakini Shivachi alizaliwa kuleee Vihiga, magharibi hukohuko, na alijua vizuri alichomwekea marehemu chini ya mgongo.

"Gari ni mashine," Krall alisema. "Iwashe."

"Wewe hujui hii maneno, mzee."

"Iwashe."

Krall akageuka. Macho yake yakatua kwenye mfuko wa ovaroli ya Phanice. Akamsogelea, akambana kwenye ubavu wa gari. Kitu kigumu kikamgusa chini ya mbavu.

"Fundi mpendwa. Toa mkono mfukoni."

Phanice akautoa pamoja na Nokia. Krall akaitazama, akatabasamu, akaitupa mtaroni. Maji meusi yakaimeza.

"Sasa," alimwambia Shivachi, "washa."

Phanice aliyatazama maji. Kidude kikishakata, hubaki kimekata. Lakini kama maji yangebonyeza kile kibonye kingine?

Shivachi akazungusha ufunguo.

Injini ilijikuna, ikanyamaza. Akazungusha tena. Hakuna.

Akaushika usukani kwa mikono yote miwili, paji la uso likalala katikati yake. Honi ikalia, ndefu.

"Tonny, nisamehe," alisema, bila kuinua kichwa. "Mimi nimebeba watu wengi na sijawahi kufanya hivi. Huyu mzungu alinidanganya. Chini yako tumeficha wadudu wake. Na baridi tulizima. Tumekuwashia moto, ndugu yangu. Niachie gari."

Shati jeupe likaanguka chini.

"Moto?" Mama Tonny aliuliza. "Mmemwashia mtoto wangu moto?"

Krall alimwachia Phanice na kuielekeza Glock kwa umati uliokuwa unajikusanya kama mawingu ya mvua. Sekunde hiyo ilimtosha Nyigu. Pampu ilikuwa bado begani. Sabuni ya mashine ilimwingia Krall machoni, nyeupe, yenye kuwasha kama pilipili ya Mungu mwenyewe. Akapiga kelele. Bisibisi ikamgonga kiwiko. Bastola ikadondoka, buti la Phanice likaikanyaga.

Mawe yalikuwa tayari mikononi.

"Msimguse," alisema Phanice. "Huyu akifa leo, mnachelewesha mazishi."

Nicanor akatafakari. Akaweka jiwe lake chini. Wengine wakafuata, shingo upande.

Krall alifungwa kwa waya wa umeme na kutiwa kwenye gari la askari wa wanyamapori, ambao Phanice aliwaita kwa geji, pamoja na malkia wake wote, wazima. Shivachi aliingia mwenyewe bila kuguswa. Ufunguo wa gari alimkabidhi Nicanor.

Geji ikakwaruza.

"Nilisema Busia," Boaz alisema. "Mnunuzi ametoroka."

"Atarudi. Wenye tamaa hurudi."

"Na kwenye ripoti niseme nani aliyesimamisha gari?"

"Andika marehemu."

Alichukua ule ufunguo mdogo aliouvua shingoni mwa Krall, akafungua kirekebisha joto, akakigeuza mpaka mwisho wa baridi. Akalala chini ya gari, akang'oa kidude, akaunga waya. Alipotoka, Mama Tonny alikuwa amesimama pale, shati limekung'utwa vumbi.

"Niambie ukweli, fundi. Atafika vizuri?"

"Tumewahi, mama. Dada zake watamwona."

Mama huyo akasogea karibu. "Ni wewe ulisimamisha hii gari?"

Phanice alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Mimi ni wa AC tu, mama. Ni yeye alikataa. Sijawahi kuona kijana mkaidi hivyo."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mama yule akatabasamu. "Hata kuzaliwa alikataa. Walimtoa kwa nguvu."

Akapanda, akaketi karibu na kichwa cha mwanawe. Nicanor akawasha. Injini ikaitikia mara moja. Kwaya ikadaka wimbo pale ulipokatikia, na gari jeusi likapanda taratibu kuelekea mtaa wa Olympic.

Phanice akatundika mkoba begani na kwenda zake. Watu wakampisha njia bila kumwangalia mara mbili.