Hatua Nne za Dorothea

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorothea alimwagilia mizabibu ya bibi yake, kila mche kopo moja. Maji yenyewe aliyafuata kwa ndoo hadi mtaa wa pili. Shingo ilimuuma, lakini mstari ule wa mizabibu kando ya kichochoro ndio uliotegemewa kumnunulia sare za sekondari.

Bibi Evarista hakuwa akiona vizuri. "Wewe ndiye macho yangu," alizoea kusema, na Dorothea alijivuna kwelikweli.

Mwaka huo wakazi wa mtaa wao, pembezoni mwa Dodoma, walikubaliana kuvuta bomba la maji. Kila mwenye kiwanja angechangia kulingana na upana wa kiwanja chake kando ya barabara: kila mita shilingi elfu kumi na tano. Mpimaji, kijana aitwaye Thobias, akachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu kwenye pembe za viwanja vyote, akaahidi kurudi kesho yake kupima.

"Kwetu ni mita ishirini," Bibi alisema jioni ile. "Laki tatu! Basi, zabibu zote zitakwenda huko. Sare tutaona."

Ugali ulimshinda Dorothea. Kulipopambazuka aliking'oa kigingi cha upande wa kichochoro, akahesabu hatua nne kuelekea nyumbani, akakichomeka upya. Mizabibu ikabaki nje ya kigingi. Hilo hakuliwaza hata kidogo, aliwaza sare.

Thobias alikuwa na viwanja arobaini vya kupima, hivyo hakugundua kitu. Bibi alimtuma Dorothea ashike ncha ya tepu.

"Mita kumi na saba," Thobias alisoma.

"Kumi na saba? Marehemu babu yako alinunua ishirini." Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Umeona mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Macho yangu yamesema."

Maneno hayo yalimchoma Dorothea.

Jumatatu aliporudi kutoka shule, alikuta mstari wa chokaa umepigwa katikati ya mizabibu. Mafundi wawili walikuwa wameegemea sururu zao.

"Bomba la nyumba za nyuma linapita kichochoroni," mmoja alieleza. "Na kichochoro kinaishia kwenye kigingi kile. Kesho tunachimba."

Bibi alikuwa amesimama, ameshika shina la mzabibu. Zabibu changa zilining'inia mkononi mwake.

"Mjukuu wangu, wanasema nilipanda nje ya kiwanja," alisema taratibu. "Miaka yote hii! Labda uzee umeanza kunichanganya akili."

Dorothea hakuweza kuvumilia tena. Machozi yalimtoka. "Hujachanganyikiwa, Bibi. Ni mimi. Nilikihamisha kigingi."

Bibi alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nikodemo.

"Shikamoo, Babu," Dorothea alisema, kisha akaeleza yote bila kuficha.

"Marahaba. Kumbe tuna mpimaji mwingine mtaani!" Mzee Nikodemo alisema, lakini hakucheka. Alimwita Thobias, wakaenda kufukua udongo kwenye pembe ya kichochoro. Jiwe la mpaka, lililozikwa pale tangu kiwanja kiliponunuliwa, lilikuwa palepale, nje ya mizabibu. Mstari wa chokaa ukafutwa.

"Sikiliza, binti," mzee alisema akipangusa mikono. "Njia ya mwongo ni fupi. Bomba halipungui urefu kwa sababu ya kigingi. Mita tatu ulizozikwepa zingelipwa na majirani zako, akiwemo Mama Amina anayeuza maandazi. Na kama mzigo ni mzito, husemwa. Mngekuja kwangu, ningewaambia kwamba kamati ya maji inaruhusu kulipa kidogo kidogo, mavuno hadi mavuno."

"Kwa hiyo na sare zitapatikana?" Bibi aliuliza.

"Zitapatikana. Ukweli hauna hasara, Bibi Evarista, ila mjukuu wako alitaka kuujua kwa njia ndefu."

Thobias akafungua tepu ili kupima upya. Dorothea akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni. Alijua nafasi ile si yake tena.

Bibi aliipapasa ncha ya tepu, akamnyooshea.

"Shika," alisema. "Mimi sina macho mengine."

Dorothea akaishika kwa mikono miwili, akaikandamiza juu ya jiwe.

"Ishirini," Thobias alisoma.

"Ishirini, Bibi," Dorothea alisema. "Nimeona mwenyewe."