Gari Likizimika, Funda Moja

Kila asubuhi Mwalimu alianza kazi kwa maneno mawili: "Mkanda kwanza."

Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lenye bango la shule juu ya paa. Upande wake lilikuwa na breki ya pili, ya kuwaokoa wanafunzi na kujiokoa mwenyewe. Kwa miaka mingi aliwaambia watu wafunge mkanda, lakini wa kwake haukufungika. Tumbo lilikataa. Aliushika kwa mkono, akajifanya umefunga.

Sukari ilipanda. Magoti yakalalamika. Mwishowe madaktari wakamshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, naye akakubali. Sasa wiki saba zilikuwa zimepita, na mkanda ulifunga wenyewe, klik! Mwalimu aliufungua na kuufunga tena mara mbili tatu, kwa raha tu.

Nyumbani raha ilikuwa kubwa zaidi. Binti yake wa miaka minane aliitwa Kasuku kwa jinsi alivyopenda kusema. Kasuku alikuwa amemwandikisha baba yake katika mbio za wazazi shuleni. Mwaka jana wazazi wenzake walikimbia, yeye akapiga makofi akiwa amekaa garini. Mwaka huu daktari alikuwa amemruhusu kukimbia polepole, na Kasuku alikuwa ameitangaza habari hiyo mtaa mzima.

"Baba, ni mita mia moja tu. Utaweza?"

"Mia moja? Hata mia mbili!" Mwalimu akajitapa.

Kasuku hakujua kwamba baba yake alikuwa hajapata choo kwa siku sita.

Mama Kasuku alianza kushuku. Nyumba ilikuwa na choo kimoja, na kila asubuhi mlango wake ulikuwa umefungwa.

"Baba Kasuku, umehamia humo?"

"Natoka!"

"Umesema hivyo tangu sijaosha vyombo. Sasa vyombo vimekauka."

Mwalimu alitoka jasho likimtiririka, miguu imekufa ganzi.

"Kuna nini, mume wangu?"

"Niko sawa," alisema, akakimbilia funguo za gari.

Hakuwa sawa, ila hakutaka kusema. Dada yake mkubwa alikuwa amepinga upasuaji tangu mwanzo. "Utajuta!" alimwambia mbele ya watu. Mwalimu aliona kwamba akilalamika sasa, dada atapata la kusema mwaka mzima. Basi akaamua kujitibu mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba makapi ya ngano hulainisha choo, akawa anatafuna vijiko vitatu kila asubuhi, makavu hivyo hivyo. Tumbo likazidi kukaza.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya mbio. Moyoni alishaanza kutafuta maneno ya kumwambia Kasuku kwamba hatakimbia. Hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Siku hiyo mwanafunzi wa kwanza alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mwalimu alimwita Sista. Wodini Sista hakuogopa kitu, damu wala kelele. Barabarani aliogopa hata kuku. Alipoachia klachi, gari liliruka mara moja, likazimika.

"Samahani, Mwalimu."

"Washa tena. Polepole na huo mguu."

Likazimika. Likawashwa. Likazimika tena. Mara ya nne lilikwenda, na likaenda vizuri mpaka paka alipokatiza barabara. Sista akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na mkanda ukambana Mwalimu tumboni.

"Mama yangu!" Mwalimu akapiga kelele.

Sista akaegesha gari kando, akazima injini. Safari hii alizima kwa makusudi.

"Mwalimu, nimekuumiza?"

"Hapana. Endelea tu."

"Siendelei. Mimi nawajua watu wanaosema 'endelea tu'. Unaumwa wapi?"

Mwalimu akatazama kioo cha pembeni. Aliona aibu. Mwalimu anamwambiaje mwanafunzi habari za choo? Lakini akamkumbuka Kasuku na mbio zake.

"Sista, sijapata choo siku ya sita leo. Na mimi nilipunguzwa tumbo wiki saba zilizopita."

Sista hakucheka. Aligeuka tu kwenye kiti, akawa Sista wa wodini.

"Unatapika?"

"Hapana."

"Homa? Tumbo limevimba? Maumivu makali yasiyoacha? Damu?"

"Hapana. Limekaza tu, na linasumbua."

"Upepo unatoka?"

Mwalimu akarudi kwenye kioo cha pembeni. "Unatoka," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi huo ni upepo wa heri! Ungekuwa hautoki, au ungekuwa na lolote kati ya hayo niliyokuuliza, gari hili lingekwenda hospitali sasa hivi, na ungeendesha wewe. Haya, niambie. Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Mwalimu akafikiri. "Kikombe kimoja. Siku nyingine nusu."

"Kikombe kimoja!"

"Usinigombeze, Sista. Waliniambia nisinywe maji pamoja na chakula. Tumbo ni dogo, kwa hiyo ninakula kidogo kidogo. Yai sasa, maziwa ya mgando baadaye, kipande cha samaki. Kutwa nzima natafuna. Saa ya maji itatoka wapi? Tena nikinywa, nitakwenda haja wapi nikiwa na mwanafunzi njiani?"

"Na ndani ya tumbo hilo kavu umeweka nini tena?"

"Makapi ya ngano. Vijiko vitatu kila siku."

Sista akajishika kichwa. "Mwalimu! Unga bila maji unakandika? Makapi yanafyonza maji. Yakiyakosa, yanakauka humo humo na kuziba zaidi. Yaache kwanza."

"Basi leo nitakunywa dawa ya kuharisha. Nimeshainunua, chupa nzima."

"Hata kidogo! Usimeze dawa kali bila kuwauliza waliokupasua. Unayo namba yao?"

Walipiga simu pale pale, gari likiwa kando ya barabara. Daktari wa kliniki aliuliza maswali yale yale ya Sista. Kisha akamwagiza Mwalimu apitie kliniki mchana apimwe, na achukue dawa laini ya unga, ya kuyeyusha kwenye maji.

"Na vidonge vyangu vya madini ya chuma?" Mwalimu akauliza. "Nimesikia vinakausha choo. Niviache?"

"Vinaweza kukifanya kigumu, kweli," daktari akajibu, "lakini usiviache. Mwili wako sasa unavihitaji. Njoo navyo, tuone kama tutabadilisha aina."

Simu ilipokatika, Sista akahesabu kwa vidole. "Kula kwa saa maalumu, usitafune kutwa. Ukimaliza kula, subiri nusu saa, kisha anza maji, funda moja moja. Nusu saa kabla ya kula tena, acha. Polepole ufikie lita moja na nusu kwa siku, au zaidi kidogo. Ongeza mboga zilizopikwa zikalainika na matunda uliyoruhusiwa. Tembea kila siku. Ukiwa chooni weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu, na usijikamue. Ukisikia haja, nenda. Usiicheleweshe."

"Niende wapi, Sista? Hilo hujanijibu."

Sista akanyoosha kidole. Mbele yao kulikuwa na kituo cha mafuta, na mlango wake wa choo umepakwa rangi ya buluu. "Miaka yote unapita hapa. Si utufundishe kuegesha kinyumenyume pale?"

Mwalimu akacheka mpaka tumbo likamuuma. "Lakini nitasahau kunywa. Nikiwa kazini macho yangu yote yako kwenye miguu yenu."

"Hutasahau," Sista akasema, akawasha gari. "Kila nikizima gari, wewe piga funda moja."

Akaachia klachi. Gari likaruka, likazimika.

"Funda moja!" Sista akaagiza, na Mwalimu akanywa.

Mchana alipitia kliniki, akapimwa, akapewa dawa ya unga na kubadilishiwa vidonge. Jioni hiyo alimweleza mke wake kila kitu. Mama Kasuku alimsikiliza, akampiga bega kidogo. "Siku sita unanificha! Kwani mimi ni askari?" Kisha akaenda kutafuta kigoda. Kasuku naye akachora mistari kwenye chupa ya baba yake, mmoja kwa kila saa.

Kazini wanafunzi wote wakaijua sheria mpya. Gari likizimika, Mwalimu anakunywa. Alikunywa zaidi siku za wanaoanza. Jioni alitembea mtaani na Kasuku, aliyesema njia nzima.

Siku ya tatu asubuhi, baada ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, Mwalimu aliingia chooni. Hakukaa sana. Alitoka amenyooka, uso unang'aa, akasimama tu mlangoni. Mama Kasuku akamwangalia mara moja, akaelewa. Akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta nani anaolewa.

Tangu hapo Mwalimu alipata choo laini, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Kliniki walimwambia asiogope, kwa sababu anayekula kidogo hupata kidogo. Akampigia dada yake simu, akamweleza mwenyewe.

"Hebu rudia hiyo habari ya kigoda," dada akasema. "Mimi sijapasuliwa, lakini huu ni mwaka wa pili nateseka."

Mambo yalikwenda vizuri, ila Sista alianza kumpa shida nyingine. Alikuwa amejifunza. Somo zima lilipita na gari halijazimika hata mara moja.

"Sista, nina kiu!" Mwalimu akalalamika.

"Kunywa mwenyewe, Mwalimu. Umeshakua."

Siku ya mtihani Sista alifaulu bila gari kuzimika. Mwalimu akamwalika kwenye mbio za wazazi, zilizokuwa kesho yake.

Walikimbia wazazi kumi na wawili. Mwalimu hakukimbia kwa kasi. Alikimbia kwa furaha, mikono ameitanua, na Kasuku akikimbia kando ya uwanja akimtangaza kwa sauti. Alimaliza wa kumi na moja. Nyuma yake alikuwa mwalimu mkuu, naye mzazi hapo shuleni, aliyepotelewa na kiatu.

"Baba, hukuwa wa mwisho! Hukuwa wa mwisho!" Kasuku akamrukia shingoni. Mwalimu akambeba, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Honi ikalia getini. Alikuwa Sista, ndani ya gari lake mwenyewe, peke yake, mkanda umefungwa, anapunga mkono kwa madaha. Watu wote wakageuka kumtazama. Akaachia klachi ili aingie uwanjani, gari likaruka, likazimika.

Mwalimu akanyoosha mkono. Kasuku akampa chupa, naye akapiga funda moja.