Njaa ya Falguni Baada ya Jua Kuzama

Nyumbani kwa Falguni, jua likizama vyungu hufunikwa. Wao ni wa dini ya Kijaini, katika mji wa Bhavnagar huko India, nao wameweka nadhiri: usiku hawali, wala hawanywi hata tone la maji mpaka kukuche. Kwa hiyo jioni jikoni huwa ni mbio tupu.

"Kula upesi, mwanangu, jua hilo linakwenda!" alihimiza mama mkwe wake, Bi Manjula.

Falguni alikula vijiko vinne vya wali laini wa choroko, akaushushia kwa glasi ya mtindi. Akashiba. Miezi mitano iliyopita madaktari walimpasua, wakapunguza tumbo lake ili apungue uzito. Kilo ishirini na mbili zilikuwa zimekwenda. Sukari ilishuka, na magoti yaliacha kumuuma.

Lakini saa nne usiku njaa ilimkaba. Aliamka kwa kunyata, akafungua kopo la chevda, vile vitafunio vikavu vya chumvi, akatafuna kidogo kidogo asisikike.

Asubuhi alichanganyikiwa. Tumbo si walilikata? Hii njaa inatoka wapi? Au limekua tena? Akaamua kujiadhibu. Mchana akanywa chai tu, na nusu chapati kavu. Usiku njaa ikawa maradufu. Kesho yake akapunguza tena, na usiku akamaliza kopo zima.

Baada ya wiki tatu alipanda kwenye mizani. Kilo moja na nusu zilikuwa zimerudi! Falguni alilia. Aliona maradhi ya zamani yanabisha hodi, na nadhiri ameivunja, wala hajui kosa liko wapi.

Alipanda ghorofa ya juu kwa Trupti, jirani anayewashauri wagonjwa kuhusu chakula hospitalini.

"Niambie ulichokula jana," alisema Trupti. "Usinifiche, mimi si mama mkwe wako."

Falguni alimweleza yote.

"Tumbo halijakua, shoga yangu. Unalishindisha njaa mchana, litaacha kulalamika usiku? Na wali laini ukiushushia kwa mtindi, unapita upesi. Muda si mrefu huna kitu tumboni."

"Sasa nifanyeje? Nikila kidogo njaa, nikila kingi natapika!"

"Kula kidogo, lakini kinachokaa. Anza na dengu au jibini. Wali uje mwisho, nafasi ikibaki. Tafuna polepole. Usinywe unapokula, subiri nusu saa. Na ule mara tano kabla ya jua kuzama, usiruke. Ukiendelea kutapika, nenda kwa daktari."

"Na hamu ya chevda?"

"Pengine ni kiu. Tumbo lako halipokei maji mengi kwa mara moja, nawe unakaa usiku kucha bila kunywa. Mwili unaomba maji, wewe unaupa chumvi!"

Falguni alishika kichwa. "Maji usiku? Mama atanifukuza!"

"Si kuna ile nadhiri nyingine, ya kuacha chakula na kubakiza maji? Muulize."

Siku mbili Falguni alizunguka na maneno mdomoni. Jioni ya tatu aliyatema yote mbele ya Bi Manjula. Mama akaligeukia kopo tupu la chevda. Falguni hakujua kama amekasirika au amehuzunika.

"Kumbe ni wewe!" mama alisema. "Nami nawasingizia panya!" Kisha akainamisha macho. "Mwanangu, mimi nameza dawa ya presha kila usiku saa tatu. Unadhani nameza kwa mate? Mtawa wetu aliniruhusu maji, mwaka wa tatu sasa. Niliona haya kukwambia, wewe kijana ukiwa na nadhiri kamili."

Asubuhi walikwenda pamoja kwa mtawa, na Falguni naye akaruhusiwa maji yaliyochemshwa.

Siku hizi chakula cha jioni huanza saa kumi na moja, bila kukimbizana. Dengu kwanza. Usiku wanawake wawili huketi na mtungi mmoja katikati. Hamu ikija, Falguni hunywa funda moja moja, huku wakipiga soga. Mara nyingi hamu hujiendea yenyewe.

Mwezi ulipokwisha, Trupti alimpima. Kilo tatu chini.

"Na usiku unafanya nini?" aliuliza.

"Usiku?" Falguni alicheka. "Usiku nalala."